Spika Zipi Zinaoana na Risiva Yako? Maswali ya Wasomaji

Wasomaji kadhaa wametuuliza namna ya kuchagua spika za kuunga kwenye risiva ya sinema ya nyumbani (amplifaya inayolisha spika zote), hasa ile ya chaneli tano na sabufa moja iitwayo 5.1. Tunaanza na swali ambalo jibu lake likikosewa, chombo kinaungua.

SWALI: Ndugu wataalamu, hom-thieta yangu ya zamani imekufa upande wa DVD lakini spika zake ni nzima. Nimenunua risiva ya mtumba ya wati 100 kila chaneli. Spika zimeandikwa 3 Ω, na nyuma ya risiva pameandikwa 6–16 Ω. Sabufa yenyewe haina waya wa kuchomeka ukutani. Fundi wa mtaani anasema niunge tu, itapiga. Je, ni salama?
— Msomaji, Morogoro

JIBU: Si salama, ndugu yetu. Kupiga itapiga, na kwa sauti ya chini hutaona tofauti. Siku mtakapoongeza sauti kwa ajili ya filamu au mechi, risiva itajizima na kuandika PROTECT, yaani imejilinda. Mkiizoea hali hiyo, mkawa mnaiwasha tena na kuongeza tena, transista za kutolea sauti zitaungua.

Alama ya Ω ni omu, kipimo cha ukinzani, yaani kiasi ambacho spika inauzuia umeme kupita. Ukinzani ukiwa mdogo, umeme mwingi unapita. Tuseme risiva inatoa volti 20. Spika ya omu 8 itavuta ampea 2.5, ambayo ni wati 50. Spika ya omu 3, kwa volti zilezile 20, itavuta karibu ampea 6.7, ambayo ni wati 133. Hujagusa kitufe cha sauti, lakini mzigo umekuwa zaidi ya mara mbili na nusu. Hapo tumehesabu chaneli moja, wakati transfoma iliyo ndani ni moja na inalisha zote tano. Tena namba iliyo nyuma ya spika ni ya makadirio: kwenye baadhi ya masafa ya sauti (viwango vya mlio, kuanzia besi hadi sauti kali) ukinzani halisi hushuka chini yake. Hom-thieta yako ilidumu na spika hizo kwa sababu amplifaya yake iliundwa kwa ajili ya omu 3.

Kuna mafundi wanaoongeza rezista ya omu 4 mfululizo na spika ili jumla ifike 7. Risiva itapona, lakini zaidi ya nusu ya nguvu inaishia kwenye rezista kama joto. Sauti nayo inaharibika, kwa kuwa ukinzani wa spika hubadilika kwa kila masafa ilhali wa rezista haubadiliki, hivyo masafa mengine yanapunguzwa sana na mengine kidogo. Hatushauri.

Risiva nyingine zina swichi, au sehemu kwenye menyu, ya kuchagua omu za spika. Swichi hiyo haiiongezei risiva nguvu. Inashusha volti ili isipate moto. Ina maana kwa spika za omu 4 pale ambapo kitabu cha risiva kinaziruhusu, lakini haikuwekwa kwa ajili ya omu 3.

Kama maandishi ya spika yamefutika, chomoa waya zake kisha ipime kwa maltimita. Spika ya omu 8 kwa kawaida husoma kati ya 6 na 7. Ya omu 4 husoma 3 hadi 3.5. Isomayo 2 na kitu, iache.

Sasa sabufa. Tundu la risiva lililoandikwa SUBWOOFER PRE OUT halitoi nguvu ya kusukuma spika. Linatoa ishara ndogo tu ya kupelekwa kwenye amplifaya nyingine. Sabufa isiyo na waya wa umeme haina amplifaya ndani, kwa hiyo ukiiunga hapo haitatoa mlio wa maana. Unahitaji sabufa inayochomekwa ukutani. Kama bajeti imebana, zile sabufa za madukani zenye bluetooth, redio na spika ndogo mbili au nne zinaweza kukushikia nafasi: peleka waya wa RCA (wenye plagi ya duara yenye pini moja katikati) kutoka risiva hadi kwenye tundu lake la kuingizia sauti, na spika zake ndogo usiziunge kabisa. Haitashuka chini kama sabufa ya kweli ya sinema, lakini italia na haitaiumiza risiva.

Kwa ufupi wa manunuzi: tafuta spika tano za omu 8, au za omu 6 zisizopungua hapo, na uiuze seti ya zamani kwa mwenye hom-thieta ya aina ileile ambaye spika zake zimeungua.

SWALI: Hamjambo. Nimeona dukani jozi mbili za spika. Ya kwanza ni wati 150, omu 6, 82 dB. Ya pili ni wati 80, omu 8, 89 dB. Risiva yangu ni ya wati 80 kila chaneli, sebule ni mita 4 kwa 5, na kochi liko mita 3 kutoka kwenye TV. Muuzaji anasema nichukue ya wati 150 kwa kuwa ndiyo yenye nguvu. Nifuate lipi?
— Msomaji, Mombasa

JIBU: Chukua ya pili. Wati za spika si nguvu inayotoa. Ni kiasi inachoweza kuvumilia kabla ya kuungua. Namba inayokuambia spika itasikika kwa ukubwa gani ni ile ya dB, yaani desibeli inazotoa ikipewa wati 1 na kupimwa kutoka mita 1. Mafundi huiita unyeti wa spika, na ndiyo tungependa kila mnunuzi aitafute kabla ya nyingine yoyote.

Kila ukiongeza desibeli 3 unahitaji wati maradufu, na kila desibeli 10 ni mara kumi. Kati ya 82 na 89 pana desibeli 7, sawa na mara tano ya nguvu. Tuiweke sebuleni kwako. Kutoka mita 1 hadi mita 3 sauti inapungua kwa desibeli 9.5. Kishindo cha filamu kikitazamwa kwa sauti kubwa ya nyumbani kinafika kama desibeli 95 kwenye kochi. Spika ya pili ikipewa wati 1 inakufikia na desibeli 79.5, hivyo zinakosekana 15.5, ambazo zinapatikana kwa wati 35 hivi. Risiva yako inazo na akiba inabaki. Spika ya kwanza inakufikia na 72.5. Zinakosekana 22.5, na hizo zinadai wati 178. Risiva yako haina nguvu hiyo. Kuta za chumba zitarudisha desibeli mbili tatu na kukupunguzia mzigo kidogo, lakini pengo kati ya spika hizo mbili linabaki palepale.

Angalia pia dB hizo zilipimwaje. Kama karatasi inasema 2.83 V badala ya 1 W, kwa spika ya omu 8 ni kitu kimoja. Kwa ya omu 4, volti hizo ni wati 2, kwa hiyo punguza desibeli 3 kabla ya kulinganisha.

Usiogope kuunga spika ya wati 80 kwenye risiva ya wati 80, au hata ya 100. Kinachoua spika nyingi za nyumbani ni risiva iliyosukumwa kupita uwezo wake. Volti zikifika ukomo, vilele vya mawimbi ya sauti vinakatwa na kuwa bapa. Mkato huo unazaa masafa ya juu ambayo hayakuwamo kwenye filamu, nayo yanakwenda moja kwa moja kwenye twita, kile kispika kidogo cha sauti kali, ambacho koili yake ni nyembamba kama unywele. Sauti ikianza kukwaruza, punguza papo hapo.

Na maboksi yenye PMPO (eti wati za kilele), hata yaandike wati elfu ngapi, yaacheni. Namba hiyo haina kanuni ya upimaji. Itakiwayo ni RMS, yaani wati za mfululizo, ikiandikwa pamoja na omu na masafa. Risiva iliyopimwa "chaneli 2, omu 8, 20 Hz hadi 20 kHz" imesema ukweli kuliko iliyopimwa "chaneli 1, omu 6, 1 kHz, upotofu wa asilimia 10", hata kama ya pili ina namba kubwa zaidi.

SWALI: Assalaam aleikum. Spika zangu za mbele ni nzuri, ila ya kati niliichukua ya kampuni nyingine, ndogo. Milipuko inasikika mno na maneno hayasikiki. Sebule ina vigae na haina zulia.
— Msomaji, Unguja

JIBU: Waaleikum salaam. Maneno mengi ya filamu hutoka kwenye spika ya kati, kwa hiyo hiyo ndiyo ya kuigharimia kwanza, kabla ya zile za nyuma. Inunue ya kampuni na toleo lilelile la spika za mbele, ili gari likivuka kutoka kushoto kwenda kulia sauti yake isibadilike njiani. Kwa sasa ingia kwenye menyu, uiongeze spika ya kati desibeli 2 au 3. Ikiwa iko chini ya TV, isogeze hadi ukingo wa mbele wa kabati na uiinue pua ielekee masikioni. Ikisukumwa ndani ya shubaka inaunguruma, na maneno ya sauti nzito yanazama.

Kisha tandika zulia zito kati ya spika na kochi, na utundike mapazia mazito. Kwenye vigae na kuta tupu, neno la kwanza linakuwa bado linarudi kutoka ukutani wakati la pili linatamkwa. Hakuna spika itakayoliondoa hilo.

Ukimaliza, chomeka maikrofoni iliyokuja na risiva, iweke kwenye kochi usawa wa masikio, zima feni, na uiache ijipime. Baada ya hapo kagua ilichoandika. Risiva nyingi huziita spika za mbele LARGE. Zibadilishe kuwa SMALL na uweke krosova, yaani mpaka ambao besi iliyo chini yake inapelekwa kwenye sabufa, 80 Hz. Kwa spika zenye koni ndogo ya inchi 3, weka 120 hadi 150 Hz. Umbali wa sabufa ukisomeka mkubwa kuliko ulio kweli, usiusahihishe: risiva imehesabu na ucheleweshaji wa saketi za sabufa yenyewe.

SWALI: Kaka yangu aliye Minnesota anataka kuniletea risiva na spika zake. Zitafanya kazi huku?
— Msomaji, Dodoma

JIBU: Spika, ndiyo, bila kubadilisha chochote. Sabufa na risiva zitazame nyuma. Zikiandikwa 120 V 60 Hz peke yake, ukizichomeka kwenye volti 230 zitaungua mara moja. Utahitaji transfoma ya kushusha, na ukubwa wake uwe angalau mara mbili ya wati za matumizi zilizoandikwa nyuma ya chombo, maana kishindo cha filamu huvuta zaidi ya hapo. Risiva ya wati 400 ipewe transfoma ya VA (kipimo cha uwezo wa transfoma) 800 au 1000. Jambo jingine dogo: redio ya FM ya Marekani huruka kwa hatua za 0.2 MHz na kutua kwenye desimali witiri, hivyo kituo cha 88.4 huenda usikipate. Bei ya transfoma na mzigo wa ndege ukijumlishwa, mara nyingi ni afadhali akuletee spika tu na risiva ukainunua hapa.

SWALI: Waya gani utumike, na nitajuaje kama nimeunga sawasawa?
— Msomaji, Nakuru

JIBU: Waya laini wa shaba wa 1.5 mm² unatosha kwa mita 15 kwa spika za omu 8, na mita 8 kwa za omu 4. Kwa zaidi ya hapo tumia 2.5 mm². Kwangua ncha kwa kisu kabla ya kulipa: ikionekana nyeupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na itabidi uchukue ukubwa unaofuata. Nyuzi zisokotwe vizuri, isibaki hata moja inayogusa tundu la jirani, kwa sababu hiyo pia huleta PROTECT.

Kama besi ni nyembamba ingawa spika ni nzima, huenda moja imegeuzwa chanya na hasi. Chomoa waya kwenye risiva na ugusishe betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja, chanya ya betri kwenye waya wa chanya. Koni ya besi inapaswa kuruka nje. Ikiingia ndani, geuza waya za spika hiyo.