Nywele, tumbo na ile dawa ya kusafisha utumbo

Mwanangu Salim,

Umeuliza kama nywele zinakutoka kwa sababu ya tumbo lako kujaa gesi, na kama ununue ile dawa ya kusafisha utumbo unayoambiwa itazirudisha. Usinunue. Ila swali lenyewe si la kipuuzi.

Kwanza angalia zinatokaje. Zikirudi nyuma kwenye panja na kupungua utosini, huku za kisogoni na za ubavuni zikibaki nzito, huo ni upara wa kurithi. Mwili hugeuza homoni ya testosteroni kuwa DHT, na DHT hudhoofisha mashina ya nywele ya sehemu hizo, kila nywele mpya ikiota nyembamba na fupi kuliko iliyotangulia. Utumbo haumo hapo. Urithi wenyewe hutoka pande zote mbili, kwa hiyo usiwalaumu wajomba zako peke yao.

Zikipungua kichwa kizima ni habari nyingine. Kudondosha nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Zikizidi sana, rudi nyuma miezi miwili au mitatu: uliugua homa kali? Uliharisha muda mrefu? Ulikonda ghafla? Nywele nyingi huacha kukua kwa wakati mmoja, kisha hudondoka baadaye, mgonjwa akiwa ameshasahau aliumwa. Hizi kwa kawaida huota tena zenyewe, mradi chanzo kimekwisha.

Kisipokwisha, hapo ndipo tumbo huulizwa, na mimi huanza na madini ya chuma. Hufyonzwa zaidi mwanzoni mwa utumbo mdogo, na asidi ya tumbo husaidia. Bakteria wa vidonda vya tumbo, H. pylori, huweza kuharibu mpangilio huo. Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, ikimezwa miezi na miezi bila kumuuliza daktari, huuharibu pia. Minyoo ya safura hunyonya damu moja kwa moja. Na mwanamume hana hedhi: chuma kikimwishia, lazima itafutwe damu inapotelea wapi. Kumpa vidonge tu na kumwacha aende ni uzembe.

Kwa hiyo omba picha kamili ya damu na ferritini, yaani akiba ya chuma. Usipime ukiwa na malaria au homa yoyote, maana ferritini hupanda wakati wa ugonjwa na upungufu ukajificha. Choo kipimwe minyoo na H. pylori. Kwa H. pylori, acha omeprazoli wiki mbili kabla na antibiotiki wiki nne, la sivyo majibu yanaweza kusema huna wakati unao. Kile kipimo cha haraka cha damu kikatae: huonyesha kinga, na kinga hubaki muda mrefu hata bakteria wakishakufa.

Ukikutwa na upungufu, daktari huenda akakupa ferasi salfeti, yaani vidonge vya chuma, ya miligramu 200. Kidonge kimoja siku moja, siku ya pili unaruka, mara nyingi hutosha na huliumiza tumbo kidogo. Meza kwa maji au juisi ya chungwa, saa moja kabla ya kula. Chai ya rangi na maziwa vikae mbali nacho, kwa sababu huzuia chuma kufyonzwa. Wengi wanameza vidonge na chai ya asubuhi kisha wanalalamika havifanyi kazi. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Damu ikirudi sawa, endelea miezi mitatu hivi kujaza akiba. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo usijikague kwenye kioo kila asubuhi.

Mtindi kunywa, ni chakula kizuri, lakini haijathibitishwa kwamba unaotesha nywele. Vitamini A na madini ya seleniamu zikizidi hunyonyoa nywele hizo hizo. Zinki ikizidi huleta upungufu wa shaba. Bayotini, vitamini inayouzwa kwa ajili ya nywele, huvuruga baadhi ya vipimo, hasa vya tezi ya shingo, basi mwambie mtu wa maabara kama unaimeza.

Ikiwa ni upara wa kurithi, paka minoksidili, dawa ya maji ya kuotesha nywele, ya asilimia 5, mililita moja asubuhi na moja jioni kwenye ngozi kavu, ipe miezi minne hadi sita. Wiki za mwanzo nywele huweza kudondoka zaidi. Wengi huiacha hapo hapo. Ukiikatisha, ulichopata hupotea. Finasteridi, kidonge cha kupunguza DHT, ni ya kuandikiwa na daktari, maana kwa baadhi ya wanaume hupunguza hamu ya tendo la ndoa.

Ukiona mabaka ya duara yasiyo na unywele, choo cheusi kabla hujameza chuma, au unakonda bila sababu, nenda hospitali wiki hii hii.

Mama yako