Ubongo wa miaka 60 hutunzwa ukiwa na 25

Kijana wa Kisumu akisahau alikoweka simu hucheka akasema anazeeka. Muulize habari za afya ya ubongo, atakutajia vidonge vya kuongeza akili vinavyouzwa mtandaoni. Pesa hizo afadhali anunue helmeti.

Mwaka 2024 tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilitaja mambo 14 yanayochangia dimenshia, ule ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu na ufahamu uzeeni. Ilikadiria kwamba karibu asilimia 45 ya visa vingezuilika au kuchelewa iwapo mambo hayo yangeshughulikiwa. Kuumia kichwa, presha, kupungua kwa usikivu, sigara, kisukari na pombe nyingi yamo humo, na hakuna hata moja linalosubiri mvi.

Tuanze na boda. Helmeti inayoning'inia kwenye usukani kutoka Kondele hadi Mamboleo haikingi kitu. Ya mjengo nayo si ya pikipiki: imeundwa kuzuia kitu kinachoanguka kutoka juu, si kichwa kinachojibamiza kwenye lami kwa ubavu. Ivae ikae sawa, vidole viwili juu ya nyusi, ufunge mkanda hadi pabaki nafasi ya kidole kimoja au viwili chini ya kidevu. Kisha ishike kwa mikono miwili uizungushe. Ngozi ya paji ikisogea pamoja nayo, imekutosha. Ikizunguka peke yake, ni kubwa. Abiria wengi huikataa ya boda kwa sababu ya jasho la watu. Skafu nyepesi ndani yake inatosha, mradi fundo la nywele lisiinyanyue.

Ndani ya gamba la helmeti mna povu gumu jeupe, mfano wa lile linalokuja na televisheni mpya ndani ya boksi. Hilo ndilo linalomeza kishindo kwa kubonyea, na likishabonyea halirudi. Kwa hiyo helmeti iliyokwisha kuanguka na mtu imemaliza kazi, hata kama rangi haina mkwaruzo.

Ukigonga kichwa, usijione salama ati kwa kuwa hukuzimia. Ubongo unaweza kutikisika vibaya ukiwa macho. Saa 24 za kwanza awepo mtu wa kukuangalia. Kutapika tena na tena, kichwa kuzidi kuuma, kusinzia kiasi cha kutoamshika, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine, degedege, au majimaji kama maji safi kutoka puani au sikioni: hapo ni hospitali mara moja, si duka la dawa kutafuta dawa ya maumivu. Yasipoonekana hayo, pumzika siku moja au mbili, punguza simu, acha pombe. Mpira usubiri hadi dalili ziishe, maana kipigo cha pili kabla ya cha kwanza kupona ndicho kibaya zaidi.

Presha haiumi, ndiyo maana vijana hawaipimi. Kaa kitako dakika tano bila kupiga gumzo, miguu sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo, ukiwa umeshakojoa na hukunywa chai au kahawa kwa nusu saa. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati. Ikisoma 140/90 au zaidi kwa siku tofauti, muone daktari. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani haijai kijiko cha chai, ukihesabu na ile ya chipsi za jioni.

Masikio nayo. Sauti ya desibeli 80 (kipimo cha ukubwa wa sauti) inavumilika saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, ni saa 4 tu. Matatu yenye spika chini ya kiti, safari moja ya Kisumu hadi Nakuru, inaweza kumaliza mgao wa wiki nzima. Ukilazimika kumpigia kelele aliye kando yako, hama kiti au vaa vizibo vya masikio vya sponji. Ubongo unaohangaika kukisia maneno huchoka, na mwenye usikivu hafifu huanza kuyakwepa mazungumzo.

Wanaofanya kazi za mtandaoni usiku: saa saba za usingizi zinahitajika hata mchana, pazia nene, simu chumba kingine. Kafeini huchukua takriban saa tano kupungua nusu, kwa hiyo kinywaji cha kuongeza nguvu cha saa kumi alfajiri bado kimo mwilini ukijaribu kulala saa tatu asubuhi.