Kabla ya kukubali leza, omba ramani ya konea

Kwa miaka minne nilibadilisha miwani kila mwaka, na bado taa moja ya bodaboda usiku niliiona kama taa tatu zenye mikia. Kliniki ya kwanza niliyoiendea ilinisomesha herufi za ukutani, ikaniambia nina astigmatizimu, yaani kasoro ya umbo la jicho inayoufanya uoni uwe na ukungu, ikanipa bei na tarehe ya upasuaji wa leza wa kurekebisha uoni. Haikupima umbo wala unene wa konea, yaani kile kioo angavu kilicho mbele ya jicho.

Dada yangu alisisitiza nimwone daktari mwingine, na namshukuru mpaka leo. Huyu alinikalisha mbele ya mashine yenye duara za mwanga, na punde kompyuta ikatoa ramani ya konea, yaani picha ya rangi inayoonyesha umbo lake: juu buluu, chini doa jekundu mahali konea ilipobinuka. "Mwanangu," alisema, "leza ingepunguza ukuta ambao tayari umelegea." Nilikuwa na keratokonasi, ugonjwa unaoifanya konea ilegee na kubinuka mbele kama koni.

Katika astigmatizimu ya kawaida konea hupinda zaidi katika mwelekeo mmoja kuliko mwingine, kwa mpangilio unaoeleweka, hivyo miwani huisahihisha. Ile isiyo ya kawaida, iletwayo na keratokonasi, kovu au upasuaji wa awali, huufanya uso wa konea uwe na vilima na mabonde ambayo miwani haiwezi kuyafidia. Leza hurekebisha uoni kwa kuondoa tishu, na konea nzima ina unene wa takriban maikromita 540 tu katikati, zaidi kidogo ya nusu milimita. Ikiwa ni dhaifu, kuipunguza kiholela kunaweza kuifanya ibinuke zaidi. Ipo leza inayoongozwa na ramani ya konea, nayo humfaa mtu mwenye kovu ambaye konea yake ni nene na imetulia, ingawa mara nyingi lengo ni kulainisha uso, wala si kumwachisha miwani.

Mimi nilihitaji kwanza kukazwa konea kwa njia iliyotokana na ile ambayo madaktari wa Dresden, Ujerumani, waliichapisha mwaka 2003: ngozi ya juu ya konea huondolewa, hutiwa matone ya manjano ya vitamini B2 kwa dakika 30, kisha humulikwa mwanga wa urujuanimno kwa dakika 30 nyingine. Maumivu yalininyima usingizi siku mbili. Tiba hiyo huzuia ugonjwa usiendelee. Kuona vizuri nilikupata baadaye kwa lenzi ngumu za kuvaa juu ya jicho.

Kwa hiyo ukiambiwa ufanyiwe leza, dai ramani na unene wa macho yote mawili, na uulize kama vipimo vitarudiwa baada ya miezi kadhaa. Kama unavaa lenzi, hasa ngumu, daktari akuambie uzivue wiki ngapi kabla, kwa kuwa huipa konea umbo lisilo lake. Na tafadhali acha kufikicha macho, kwani kunaweza kuidhoofisha konea. Kama ni mzio unaokuwasha, utibiwe.

Ramani zangu zote ziko katika bahasha moja, na kila ninapokwenda kliniki daktari huiweka ya zamani kando ya mpya kabla hajasema neno.