Makontena mawili Kigamboni: kibali kwanza, kreni baadaye

SWALI: Nina kiwanja kilichopimwa Kigamboni na nataka kununua makontena mawili ya futi 40. Muuzaji anasema kontena si jengo, halihitaji kibali. Nataka niyapange ubavu kwa ubavu, niondoe ukuta wote wa katikati nipate sebule pana. Inawezekana? – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Usilipie kreni bado, ndugu yetu. Ukishaunganisha maji na choo ukahamia humo, hiyo ni nyumba, na nyumba mjini inataka kibali cha ujenzi. Andaa uthibitisho wa umiliki, michoro ya msanifu na mhandisi waliosajiliwa, na ramani inayoonyesha umbali kutoka mipakani na shimo la maji taka lilipo. Kibali cha muda cha kontena la duka hakitakufaa. Dai pia karatasi za forodha zinazoonyesha kodi imelipwa.

Ukuta ndio unaotutia wasiwasi. Uzito wa kontena hubebwa na pembe zake, lakini bati la ukuta, lenye unene wa karibu milimita 2 na mikunjo yake, ndilo linalozuia boriti ya juu isipinde. Ukilikata lote mita 12, paa hubonyea katikati, maji ya mvua yanatuama, kutu inatoboa. Fungua mita 4 tu, ubakize bati pande zote mbili. Na fremu ya skwea paipu ichomelewe kabla grainda haijagusa ukuta. Ukubwa wake aukokotoe mhandisi.

Chagua makontena ya kimo kirefu. La kawaida lina mita 2.39 ndani, ukishaweka fomu (povu la kuzuia joto) na jipsamu, dari itakukaa kichwani. La kimo kirefu lina takriban mita 2.69. Juu yake ezeka paa la pili, uache nafasi ya sentimita 30 hewa ipite, la sivyo mchana hapakaliki.

Sakafu ni plaiwudi iliyotiwa dawa ya wadudu, na aina ya dawa huandikwa kwenye kibao cha chuma mlangoni. Sisi tungeing'oa.

Kabla ya kulipa, ingia ndani saa sita mchana, mtu wa nje akufungie milango (kwa ndani haifunguki, kwa hiyo asiondoke). Kila nukta ya mwanga ni tundu. Za ukutani na juu zinazibika kwa kuchomelea. Kisha toka, ugonge boriti za chini kwa nyundo: zikibomoka magamba ya kutu, liache kontena hilo.