Mita ya LUKU haijui umri wa mwenye nyumba

Tangu 2021, Tanzania, kodi ya majengo hukatwa unaponunua umeme wa LUKU, yaani wa kulipia kabla, na tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Ukikaa miezi mitatu bila kununua, deni linakusubiri: 4,500. Ndiyo maana bibi wa Ngamiani, Tanga, anatoa elfu tano, anapata uniti za kuhesabu kwa vidole, na lawama zinamwangukia muuza vocha.

Mwenye miaka 60 na kuendelea, au mwenye ulemavu, akiwa hana kipato, anasamehewa nyumba moja anayoishi mwenyewe. Nyumba za udongo na za nyasi nazo hazitozwi. Ila mita haijui lolote kati ya hayo mpaka mtu aende kuomba.

Anzia serikali ya mtaa. Barua iliyoandikwa tu kwamba "ni mkazi wetu" haitoshi. Iseme umri, kwamba nyumba ni yake na anaishi humo, kwamba hana kipato, na itaje namba ya mita, tarakimu zote 11. Ipeleke TRA (mamlaka ya mapato) pamoja na kitambulisho cha taifa cha NIDA, ushahidi wa umiliki na risiti ya LUKU inayoonyesha makato. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila huo, faili likipotea unaanza upya.

Penye mushkeli hasa ni nyumba ambayo bado ina jina la marehemu. Mjane ana miaka sabini, lakini kwenye karatasi si mwenye nyumba. Hapo mirathi ifunguliwe kwanza Mahakama ya Mwanzo, msimamizi ateuliwe, na barua ya uteuzi iambatanishwe.

Jingine ni vyumba vya kupangisha. Pango la vyumba viwili vya uani ni kipato, na ukificha, jirani atasema. (Tanga hakuna siri ya nyumba.)

Hata asiyestahili msamaha aangalie mita zake. Nyumba za Makorora zina mita mbili, tatu, kila mpangaji na yake, na zote zinaweza kukatwa kodi ilhali jengo ni moja. Andika namba zote, ueleze ni jengo moja, uombe kodi ikatwe kwenye mita moja tu. Nawe mpangaji, tunza meseji za LUKU: kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, mkubaliane aipunguze kwenye pango.