Ndege wa Ihefu: wamepungua au wamehama?

SWALI: Mwaka huu korongo na bata maji ni wachache huku kwetu. Tutajuaje kama wamepungua kweli? — Mkulima wa mpunga, Mbarali

JIBU: Mwaka mmoja hautoshi, ndugu msomaji. Ihefu, ardhi oevu yetu ya bonde la Usangu, ikijaa maji, ndege hutawanyika. Ikikauka hurundikana kwenye madimbwi machache, ukadhani wameongezeka. Hesabuni kila Januari, vitwitwi wahamiaji, wale ndege wadogo wa kandokando ya maji, wakiwapo: vituo vilevile, asubuhi mapema, jua likiwa mgongoni. Kwa kundi kubwa, hesabu ndege kumi, tazama wamechukua nafasi gani, kisha rudia kipimo hicho hadi mwisho wa kundi. Likiruka, andika saa na lilikoelekea, la sivyo kituo cha pili watalihesabu tena. Kinachosahaulika sana kuandikwa ni kina cha maji. Bila hicho, takwimu zenu hazilinganishiki.