Pimbi siyo yatima

SWALI: Shikamoo Mzee wa Dadu. Nimeanza kucheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kurusha dadu na kuigiza wahusika wa kubuni, na wenzangu hapa Njiro. Mhusika wangu ni hafulingi, yaani wale watu wafupi wa kubuni, mwizi, miaka 30, jina lake Pimbi. Mwongoza mchezo anataka historia ya familia yake kabla ya Jumamosi. Niliandika kwamba wazazi wake waliliwa na joka akiwa mtoto. Karatasi kairudisha, eti hadithi hiyo keshaisoma mara nne. Nifanyeje?
Mchezaji, Arusha

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mimi niko upande wa mwongoza mchezo. Niliwahi kumuulia mhusika wangu mama, baba na dada watatu kwa aya moja. Tukacheza mwaka mzima hapa Moshi, na hakuna aliyewaulizia.

Hebu piga hesabu. Hafulingi ana futi 3 na kilo kama 18, lakini kwa kanuni za mchezo za mwaka 2014 anakuwa mtu mzima akiwa na miaka 20 na huishi hadi 150 hivi. Pimbi ana 30. Kama kwao kila mmoja alizaa kwa umri huo, mama ana 60, bibi 90, na mama wa bibi 120. Wote wazima, wako jikoni wanamenya ndizi za mtori. Joka gani litaumaliza ukoo huo? Litavimbiwa.

Basi mjengee kwao. Mimi ningeazima kihamba cha huku mlimani: migomba, kahawa chini yake, mfongo unaoleta maji kwa zamu. Kwetu Wachagga kitinda mimba ndiye anayerithi nyumba ya wazazi, kwa hiyo Pimbi awe kitinda mimba. Usiku wa zamu yao ya maji alikwenda kucheza kamari. Maji yakapita, mahindi ya kaka yake yakakauka. Alfajiri akatoroka bila kuaga. Sasa mkobani ana jani la sale, lile tunalompelekea mtu tuliyemkosea kumwomba radhi, na huku kulikataa ni mwiko. Limeshakauka, hajalipeleka. Mwongoza mchezo akiliona hilo atasahau hata kula.

Halafu kuna bahati. Hafulingi akirusha dadu ya pande 20 ikaangukia 1, anairusha tena, na jibu la pili ndilo analobaki nalo. Wengi huisoma kanuni hiyo na kupita. Mezani kwangu kuna binti ambaye kabla ya kurusha mara ya pili huifumbata dadu, huipulizia, kisha husema polepole, "Bibi, nishike." Mara ya kwanza tulicheka. Siku hizi meza nzima hunyamaza.

Jina Pimbi liache, ingawa hakuna mama anayemwita mwanawe hivyo. Hilo kapewa na kaka yake, siku ya yale mahindi. La nyumbani litafute mwenyewe, na ulifiche mpaka Pimbi na kaka yake wakutane.

Joka nalo usilifute. Mpe mwongoza mchezo, atalihitaji.